Jinsi ya kuomba kibali cha kufuga majongoo bahari Pemba

Waliosikia bei ya kaviari huuliza kama sturjoni, samaki anayetoa mayai hayo, anaweza kufugwa Pemba. Hapana. Anataka maji yenye ubaridi, na jike wa aina ya beluga hupita miaka 10 hajabeba mayai. Anayetaka zao la bahari lenye bei nzuri aombe kibali cha kufuga jongoo mchanga, yaani jongoo bahari wa mchangani, ambaye pwani yetu ndiyo kwao.

Anza kwa sheha. Mueleze eneo unalolitaka, ukubwa wake na nani analitumia sasa, kwani pwani haina kiwanja kitupu: unapoona mchanga tu, kina mama huenda kuchokoa chaza, na wengine wana mwani wao hatua chache mbele. Omba kikao na kamati ya wavuvi ya shehia, muhtasari uandikwe na utiwe saini. Usikifanye kikao kwa kupita tu. Asiyeshirikishwa ndiye atakayekukatia nyavu za uzio usiku.

Kabla ya kikao, litembelee eneo maji yakitoka wakati wa bamvua. Panatakiwa mchanga wenye tope kidogo na majani ya bahari, na maji yasikauke kabisa. Chukua vipimo vya GPS vya pembe zote. Ukiwa upande wa magharibi, uliza kama umo ndani ya Hifadhi ya Mkondo wa Pemba (PECCA), maana humo kuna masharti ya ziada.

Barua ya maombi huandikwa kwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Ofisi ya Pemba inatosha kuanzia. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, barua ya sheha, muhtasari, ramani na mpango wa ufugaji. Waulize na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, kama mradi wako unahitaji tathmini ya mazingira.

Katika mpango, isipuuzwe asili ya vifaranga, yaani majongoo wadogo wa kufuga. Tanzania Bara ilipiga marufuku uvuvi wa majongoo mwaka 2003, lakini Zanzibar bado huvuliwa, na jongoo aliyekwisha kukaushwa hajulikani alitoka uziani kwa mfugaji au mwambani. Andika kwamba utachukua vifaranga kutoka kituo cha kutotolesha, kama kile cha Beit el Ras, Unguja, na kila stakabadhi uihifadhi. Wenye kaviari walishalazimika kuonesha asili: sturjoni wote wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1998, na kopo la kuuzwa nje lazima lioneshe kama samaki ni wa kufugwa au wa kuvuliwa. Pauni mweupe na pauni mweusi, ambao ni majongoo bahari wa aina nyingine, nao wamo tangu 2020.

Kibali kikitoka, jenga uzio na kibanda cha mlinzi kwanza, wezi hawachelewi. Vifaranga visiingie kabla ya kufika gramu 15 hivi; wadogo zaidi huliwa na kaa. Kusafirisha nje ni ombi jingine, lianze miezi kabla ya kuvuna.