Umeambiwa figo zimeanza kuchoka? Anza na karatasi ya maabara

Nahudumu kliniki ya presha na kisukari. Kila wiki nasikia lilelile: "Mbona siumwi popote?" Figo zikianza kuharibika haziumi. Kiuno kinachouma mara nyingi ni misuli tu.

Hatua ya 1: Tafuta namba mbili. Ya kwanza ni kasi ya figo kuchuja damu, inayokokotolewa kutokana na kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu), umri na jinsia. Usiishie kwenye kreatinini yenyewe. Kreatinini ya 110 (mikromoli kwa lita) kwa kijana wa kiume wa miaka 25 inatoa kasi ya 82 hivi. 110 hiyohiyo kwa mama wa miaka 52 inatoa 52 hivi. Yule kijana huenda hana tatizo, ila mama huyu yuko hatua ya 3 ya ugonjwa wa figo, inayoanzia kasi ikiwa chini ya 60. Namba ya pili ni albumini, yaani protini inayovuja kwenye mkojo. Kasi inaweza kuwa 95 na figo bado ikawa inavuja. Hiyo ni hatua ya 1 ya ugonjwa, na wengi huikosa kwa sababu hawakupimwa mkojo.

Hatua ya 2: Rudia. Ugonjwa huitwa sugu ukidumu zaidi ya miezi 3. Kuhara au malaria kali hupandisha kreatinini kwa muda. Hata sahani ya nyama choma jana yake huisogeza kidogo.

Hatua ya 3: Mwaga mkoba mezani. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Huwa namwomba mgonjwa atoe kila kidonge alichonacho, na karibu kila mara diklofenaki ya maumivu ya magoti inadondoka, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Hiyo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayofika kwenye figo; ukichanganya na losartani (dawa ya presha) na dawa ya kukojoza, hatari huongezeka. Paracetamoli kwa kipimo sahihi ni afadhali. Na ile chupa ya mitishamba isiyojulikana ina nini, iache.

Hatua ya 4: Presha. Wengi tunalenga chini ya 130/80. Losartani au lisinopril hupunguza pia ule uvujaji, kwa hiyo usiache eti presha imeshuka. Damu ipimwe tena wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza. Mjamzito hapewi dawa hizi. Ukitapika au kuhara sana, muulize daktari kama uzisimamishe kwanza. Mwenye kisukari adhibiti na sukari.

Hatua ya 5: Chumvi. Isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukihesabu ng'onda, achari na viungo vya pakiti. Chumvi mbadala huwa na potasiamu, madini ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa, kwa hiyo usiinunue bila kuuliza. Maji kunywa kadiri ya kiu. Lita 5 hazisafishi figo.

Nyuma ya daftari lako la kliniki andika tarehe na zile namba mbili, kila unapopimwa. Uso ukivimba asubuhi au mkojo ukipungua ghafla, usingoje tarehe ya kliniki.