Jinsi ya kuandaa na kucheza santuri ya mono ya Sinatra ya mwaka 1955

In the Wee Small Hours ya Frank Sinatra, albamu iliyotolewa na kampuni ya Capitol mwaka 1955, haina kishindo cha kufunika makosa. Nelson Riddle aliipangia okestra inayopiga kwa upole: selesta (kinanda chenye sauti ya vikengele), violini, filimbi, na juu yake mtu anayeimba karibu kabisa na maikrofoni, kama vile ni saa tisa usiku na hataki kumwamsha jirani. Punje ya vumbi ambayo kwenye santuri ya dansi usingeisikia, hapa inapasuka katikati ya neno. Basi kazi yote ifuatayo ni ya kuulinda ukimya uliopo kati ya noti na noti.

Anza na nakala yenyewe. Muziki huu ulirekodiwa kwa mono tu, yaani sauti moja ileile kwa spika zote, si stirio yenye chaneli mbili tofauti, na santuri ya inchi 12 ina namba W-581. Ukiona jaladani neno Duophonic, na herufi D mbele ya namba, iache dukani. Hiyo ni mono iliyogeuzwa stirio ya bandia: chaneli moja imeachiwa besi zaidi, nyingine trebo, na kati yake kumetiwa mchelewesho kidogo. Violini zinasikika kama zinapigwa bafuni, na mwimbaji hujui amesimama wapi. Ukibonyeza kitufe cha mono cha amplifaya, kinachochanganya chaneli mbili kuwa moja, ule mchelewesho hauondoki, unazidi kuila sauti. Only the Lonely, albamu ya Sinatra ya mwaka 1958, ni habari nyingine: ina mono halisi na stirio halisi, zote nzuri, ila stirio ya awali ilikuwa na nyimbo 10 badala ya 12. Anayezitaka zote atafute mono.

Ishike santuri kwa kingo na uiinamishe chini ya taa. Mkwaruzo usiokwama kwenye ukucha usikutishe. Cha kuogopa ni ule ukijivu uliofifia kwenye mifereji, hasa karibu na lebo. Hapo kuta zimeliwa na sindano nzito za zamani, na hakuna sabuni inayorudisha plastiki iliyokwisha.

Kuosha

Changanya mililita 750 za maji yaliyokenekwa na mililita 250 za alkoholi safi ya isopropili, kisha matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato. Maji ya bomba yanaacha chumvi ndani ya mifereji yakikauka, na chumvi hiyo inalia tiki-tiki kama vumbi tu. (Mchanganyiko huu usiutumie kwenye zile santuri za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika. Nyingi ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu, na alkoholi huiyeyusha.)

Lowanisha upande mmoja bila kugusa lebo, kwa kuwa ni karatasi na itavimba. Acha dakika moja. Pitisha brashi laini ukifuata mzunguko wa mifereji, kamwe usiikate, mara tano au sita bila kukandamiza. Halafu suuza kwa maji yaliyokenekwa matupu. Wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa: sabuni inakauka chini ya mfereji, sindano inaikwangua, na baada ya nyimbo mbili kuna kijidonge cheupe kimening'inia kwenye ncha na sauti imekuwa nzito kama imefunikwa blanketi. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, simamisha wima ikauke kabisa, kisha itie kwenye mfuko mpya wa ndani. Ule wa zamani una uchafu uleule ulioutoa.

Sindano na mono

Mifereji ya mono ya wakati huo ilikatwa kwa ajili ya ncha ya duara ya mikroni 25, wakati ncha ya duara ya stirio kwa kawaida ni mikroni 18. Ya stirio inacheza bila shida, lakini inakaa chini zaidi. Ile nene inaweza kugusa sehemu ya ukuta ambayo haijachakaa, kwa hiyo kama unazo zote, jaribu zote mbili. Kuhusu uzito, fuata maagizo ya katriji yako, yaani kile kichwa kinachobeba sindano. Nyingi za sumaku hutaka kati ya gramu 1.5 na 2. Usipunguze ukidhani unaihurumia santuri: sindano nyepesi mno hurukaruka na kuzigonga kuta, na hapo ndipo inapoharibu.

Kwenye mono, muziki wote umo katika mwendo wa kushoto na kulia. Katriji ya stirio inasoma pia mwendo wa juu na chini, ambako hakuna kitu zaidi ya mikwaruzo na ngurumo ya mashine. Ukibonyeza kitufe cha mono, mwendo huo unajifuta wenyewe na vumbi linapungua papo hapo. Kama amplifaya yako haina kitufe, unganisha waya mbili za chaneli kuwa moja, kisha moja kuwa mbili, kati ya gramafoni na priampu (kikuzaji cha kwanza cha sauti ya sindano).

Kabla ya kubonyeza, keti katikati ya spika. Sauti ya Sinatra inapaswa kutoka katikati kabisa. Ikiegemea upande, weka kioo kidogo chini ya sindano na uitazame kutoka mbele: sindano na kivuli chake kiooni vinatakiwa kuwa mstari mmoja ulionyooka.

Violini zikiyumba, hesabu. Mzunguko mmoja ni sekunde 1.8, na zikiyumba kila baada ya muda huo, tundu la santuri haliko katikati. Utauona mkono wa gramafoni ukiyumba pia. Tundu likiwa na nafasi kidogo, isogeze santuri nusu milimita, ujaribu tena hadi mkono utulie.

Tatizo sugu ni "s" zinazochanika mwishoni mwa upande. Kila upande una nyimbo nane, na mfereji unaopita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde pale ukingoni unashuka hadi kama 21 karibu na lebo, kwa hiyo mawimbi yanabanwa. Panga katriji kwa kipimo cha pembe, kisha jaribu kwa wimbo wa mwisho, maana wa kwanza unasamehe kila kosa.

Sauti ya amplifaya iwe ya mtu anayeongea nawe chumbani. Sinatra alijifunza pumzi ndefu kwa kumtazama Tommy Dorsey, kiongozi wa bendi aliyokuwa akiimbia, akipuliza tromboni, na mara nyingi anaunganisha mistari miwili bila kukata. Sikiliza anapovuta hewa. Ukisikia mvumo tu pale ambapo pumzi ingekuwa, rudi kwenye waya wa ardhi wa gramafoni uone kama umebana.