Kabla hujalipia gemu mpya, kaa chini kwanza upige hizi hesabu

Wadau wa gemu, tulizoea zamani kwamba ukivumilia miaka miwili mitatu mashine inashuka bei. PS4, ile mashine ya gemu ya PlayStation ya Sony, ilitoka Novemba 2013 kwa dola 399, ilipofika 2016 ile nyembamba ikawa inauzwa 299, na waliosubiri wakafaidi. Sasa hivi mambo yamegeuka. PS5 ya diski ilianza kwa dola 499 mwaka 2020, Agosti 2025 Sony wakaipandisha kule Marekani hadi 549.99, yaani mashine ilikuwa na karibu miaka mitano na bado ikawa ghali kuliko siku ilipozaliwa. Xbox Series S, mashine ya Microsoft, ilianza 299, mwaka 2025 peke yake imepandishwa mara mbili mpaka ikagonga 399.99. Gemu zenyewe nazo zilikaa kwenye dola 60 miaka mingi, 2020 zikaanza kwenda 70, na Juni 2025 Nintendo wakaitoa Mario Kart World kwa 80. Piga hiyo 80 kwa shilingi 2,500 tu kwa dola, laki mbili hiyo, kwa gemu moja, na uswahilini kwetu hapa Dar laki mbili ni kodi ya chumba na chenji ya kula inabaki.

Kwa hiyo ule ushauri wa kusubiri mashine ishuke bei mimi siutoi tena. Ila gemu bado zinashuka, tena zinashuka sana, na hapo ndipo pesa yako inapookoka kama utajipanga kabla hujatoa hata shilingi.

Jambo la kwanza ni kujua unacheza nini hasa, na hapa uwe mkweli na nafsi yako. Kuna mtu ananunua PS5 ya mamilioni halafu mwaka mzima anacheza mpira tu na washkaji zake pale sebuleni. Kama ni wewe, jua kwamba hata EA Sports FC 26 iliyotoka Septemba 2025 ilitoka pia kwa PS4, na eFootball ni ya bure kabisa tangu 2021, unashusha unacheza. PS4 iliyotumika ikiwa nzima inakutosha. Lakini kama roho yako iko kwa gemu ya GTA VI, hiyo imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu, kwa hiyo ukinunua PS4 leo kwa ajili yake utakuwa umenunua mara mbili. Andika kwenye karatasi gemu tano unazozitaka kweli, sio zile unazoziona tu kwa watu, halafu angalia zinachezeka wapi. Mashine ichaguliwe na hiyo karatasi.

Sasa suala la diski au kushusha mtandaoni, hapa ndo watu wengi wanaliwa hela bila kujua. PS5 zipo za aina mbili, yenye sehemu ya kuingiza diski na isiyo nayo, na hiyo isiyo nayo ni rahisi kidogo kwa hiyo watu wanaikimbilia. Fikiria lakini, diski ukimaliza gemu unaiuza, au unabadilishana na jirani, wewe umempa yako yeye kakupa yake, wote mmecheza gemu mbili kwa bei ya moja. Na PS5 yenye diski inasoma karibu diski zote za PS4, ambazo zimejaa mtaani kwa bei ya chini. Gemu ya kushusha ukishailipia imeganda kwenye akaunti yako, huiuzi, humpi mtu. Mimi kwa maisha yetu ya huku nasema diski, kwa mtu yeyote ambaye ana marafiki wawili watatu wanaocheza. Tofauti ya bei ya mashine inarudi mapema tu.

Ukienda njia ya kushusha basi zingatia akaunti. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, yaani mtandao wa Sony wa akaunti na duka la gemu, wala Kenya haimo, ndo maana watu wetu wanafungua akaunti za Marekani, za Uingereza au za Afrika Kusini. Uliyofungua ndiyo utakayoishi nayo, nchi haibadilishiki baadae, na vocha, yaani ile namba ya kuingizia hela kwenye akaunti, lazima iwe ya nchi ile ile. Ukinunua vocha ya Uingereza na akaunti yako ni ya Marekani haiingii na muuza vocha mara nyingi hakurudishii. Na kuna kitu hakisemwi sana, diski yenyewe inacheza kwenye mashine ya popote, ila vile vipande vya nyongeza vya gemu unavyonunua mtandaoni vinatakiwa vilingane na eneo la diski, kwa hiyo diski kutoka Ulaya na akaunti ya Marekani unaweza kulipia nyongeza isifanye kazi. Uliza diski imetoka wapi kabla hujalipa.

Hapa niseme yaliyonikuta. Nilinunua PS4 iliyotumika, duka moja, nikaambiwa ina gemu kumi na mbili ndani, nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi. Miezi miwili safi kabisa. Siku moja nawasha nakuta kila gemu ina alama ya kufuli. Kumbe zilikuwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, na hiyo akaunti imeuzwa kwa watu kibao, mwenyewe kabadili paswodi basi gemu zangu kumi na mbili zikafa zote kwa pamoja, nikipiga simu ya duka haipokelewi. Iliniuma sana kwa sababu bei niliyolipa ilikuwa imepandishwa kwa ajili ya hizo gemu. Kwa hiyo ukiambiwa mashine ina gemu ndani, zihesabu kuwa hazipo, lipia chuma tu. Na kabla hujatoa hela pale dukani washa mashine, ingia na akaunti yako mwenyewe, iunganishe na intaneti ya simu yako uone kama inaingia maana kuna mashine zimefungiwa na kampuni haziingii mtandaoni milele, ingiza diski uone inasoma na inatoka, chomoa na uchomeke waya wa HDMI uone haulegei, shika pedi uache bila kuigusa uangalie kama mchezaji anatembea mwenyewe, na iache iwake dakika ishirini usikilize feni. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka.

Tuje kwenye kusubiri, maana ndiyo punguzo kubwa kuliko vocha yoyote. Gemu za mpira za kulipia kama EA Sports FC zinatoka Septemba kwa dola 70, ikifika Novemba kwenye zile siku za punguzo za Black Friday mara nyingi unakuta zimeshushwa karibu nusu, na mwaka unaofuata hakuna anayezitaka. Miezi miwili tu ya uvumilivu. Angalia pia Cyberpunk 2077, ilitoka Desemba 2020 kwa dola 60 ikiwa mbovu kiasi kwamba Sony waliiondoa kwenye duka lao mpaka Juni 2021, wale waliolipa bei kamili ndio waliopata gemu mbaya, na waliosubiri wakaipata imetengenezwa vizuri kwa bei ya chini. Kwa wenye kompyuta ndo kabisa, Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wana punguzo kubwa mwishoni mwa Juni na mwishoni mwa Desemba, Witcher 3 ambayo bei yake ni dola 40 inashuka mpaka chini ya 10. Epic, duka lingine la kompyuta, wanatoa gemu ya bure kila wiki siku ya Alhamisi, hata GTA V waliwahi kuigawa Mei 2020, unachotakiwa ni akaunti tu na kukumbuka siku. Na kwenye Steam gemu ikikukataa unarudishiwa hela yako kama hujapitisha siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili, kwa hiyo ukinunua icheze siku hiyo hiyo, usiiweke ikae. Kabla hujaamini neno ofa pita tovuti za SteamDB au IsThereAnyDeal uone bei ya chini kabisa iliyowahi kufika, kuna ofa zingine ni bei ile ile ya mwezi uliopita. Nintendo tu ndo usitegemee, gemu zao kubwa hazishuki kirahisi, kule tafuta diski iliyotumika, ila kwao sio diski ni kile kikadi kidogo.

Malipo ya kila mwezi yapigie hesabu kwa mwaka sio kwa mwezi. PS Plus ya kawaida, ile huduma ya kulipia ya PlayStation, ilipanda Septemba 2023 kutoka dola 60 hadi 80 kwa mwaka, na Game Pass Ultimate, ya upande wa Xbox, Oktoba 2025 ilipandishwa mpaka karibu dola 30 kwa mwezi, hiyo ilikuwa 360 kwa mwaka. Kama unacheza gemu tatu kwa mwaka zinunue tu kwenye punguzo zikiwa zako. Na wengi hawajui kwamba gemu za bure kama Fortnite na eFootball hazihitaji PS Plus kucheza mtandaoni, nimekutana na vijana wanalipia kila mwezi kwa ajili ya eFootball tu. Ukijiunga, nenda siku hiyo hiyo uzime ule mpangilio wa kujilipia wenyewe.

Bando nalo ni sehemu ya bei. Gemu kama Call of Duty inavuka GB 100, na hata ukiwa na diski apdeti zinakuja nyingi. Kama nyumbani huna intaneti ya mwezi isiyokatika, jumlisha gharama ya hizo GB juu ya bei ya gemu kabla hujasema ni rahisi. Kama kuna rafiki mwenye intaneti nzuri, mbebee mashine usiku mmoja ishushe kila kitu. Umeme pia, nunua kifaa cha kulinda voltage, bei yake ni ndogo ukilinganisha na kutengeneza mashine iliyoungua siku umeme uliporudi kwa nguvu.

La mwisho ni kwa wazazi. Gemu za bure kwenye simu zinakula hela kuliko hizi za diski. Almasi za Free Fire, UC za PUBG, sarafu za eFootball, mtoto anabonyeza mara tano kwa siku elfu mbili elfu mbili na wewe unadhani ni vocha inaisha. Weka paswodi ya manunuzi kwenye simu leo, namba ya siri ya pesa za simu asiijue, na kama unatumia kadi ya mtandaoni iingize kiasi kile kile unachotaka kulipa, isibaki na kitu. Mwanangu nimemfungulia kibubu, kila Jumapili anaweka elfu moja yake na mimi naongeza elfu moja yangu, na ameshachagua mwenyewe gemu atakayoinunua kwenye punguzo la Desemba. Kila mara anakuja kuniuliza bei yake imefika ngapi, tunaiangalia pamoja.