Jinsi ya kuomba ruzuku ya jimbo inayoongezwa juu ya ruzuku ya SBIR nchini Marekani

Serikali ya shirikisho ya Marekani hutenga sehemu ya bajeti yake ya utafiti kwa ajili ya kampuni ndogo kupitia mipango miwili: SBIR, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na STTR, ambamo kampuni hushirikiana na taasisi ya utafiti, uliofuata mwaka 1992. Baadhi ya majimbo huongeza fedha zao wenyewe juu ya ruzuku hizo, ili kampuni iliyoshinda isihamie kwingine na isikwame kati ya Awamu ya Kwanza, ya kujaribu kama wazo linawezekana, na ya Pili, ya kulikuza. North Carolina ilianza mwaka 2005. Kentucky, ambako Kiswahili kinasikika kila siku mitaani na shuleni katika miji ya Lexington na Louisville, imekuwa miongoni mwa majimbo yenye mkono mkubwa zaidi: kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kwa Awamu ya Pili kilikuwa dola 500,000 kwa mwaka kwa miaka isiyozidi miwili.

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwenzetu mmoja anayetengeneza kifaa cha kupima unyevu wa nafaka ghalani. Sayansi yake ilikuwa imara tangu mwanzo. Kilichomsumbua ni upande wa jimbo, na hasa hatua ya nne hapa chini, ambayo ninaomba uisome kwa utulivu hata kama nyingine utazipitia juu juu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba unastahili

Kampuni iwe ya kibiashara, iwe na makao Marekani, na isizidi wafanyakazi 500. Zaidi ya nusu ya umiliki wake iwe mikononi mwa raia wa Marekani au wakaazi wa kudumu, yaani wenye grini kadi. Sharti hili linawagusa wengi wetu moja kwa moja: mtu aliyekwisha kupewa hifadhi ya ukimbizi lakini bado hajapata grini kadi hahesabiwi katika nusu hiyo, ingawa ana haki kamili ya kufanya kazi na hata ya kufungua kampuni. Mtafiti mkuu, kwa upande wake, halazimiki kuwa raia. Katika SBIR anatakiwa awe na kibali halali cha kufanya kazi na zaidi ya nusu ya ajira yake iwe katika kampuni hiyo wakati mradi unaendelea. Ikiwa mtafiti wako hataki kuiacha kazi ya chuo kikuu, tazama STTR, ambayo inaitaka kampuni ifanye angalau 40% ya kazi na taasisi ya utafiti angalau 30%.

Sheria iliyorefusha mipango hii mwaka 2022 iliongeza pia fomu ya kueleza uhusiano na nchi za nje, hususan China, Urusi, Iran na Korea Kaskazini. Kama una mshirika wa biashara Guangzhou, mtaje waziwazi katika fomu hiyo. Uhusiano peke yake haukunyimi ruzuku moja kwa moja, lakini kuuficha kunaweza kukuponza.

Hatua ya pili: usajili

Sajili kampuni kwa Katibu wa Jimbo, pata namba ya mlipakodi kutoka IRS, yaani mamlaka ya kodi ya shirikisho, kisha jisajili SAM.gov, tovuti ya serikali kwa wanaoomba fedha zake, ili upewe UEI, ile namba ya herufi na tarakimu 12 ya kuitambulisha kampuni iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, tangu Aprili 2022. Jina la kampuni liandikwe katika SAM.gov sawasawa na lilivyo kwenye barua ya IRS na kwenye hati ya jimbo, pamoja na nukta, mkato na neno LLC. Anwani iwe ya mahali halisi, si sanduku la posta. Usajili huu haulipiwi hata senti moja na lazima uhuishwe kila mwaka. Anayekupigia simu akidai ada anakuibia. Ukikwama, nenda kwenye ofisi ya APEX Accelerator ya jimbo lako, ambayo husaidia bure. Baada ya hapo jisajili katika SBIR.gov na katika mfumo wa idara ya shirikisho unayoiomba ruzuku.

Hatua ya tatu: soma masharti ya jimbo kabla ya kuandika andiko la kuomba ruzuku ya shirikisho

Watu wengi hushinda kwanza ndipo wakatafuta kama jimbo lina nyongeza. Ninashauri utaratibu uliogeuzwa, kwa sababu masharti ya jimbo yanaamua mambo ambayo andiko la shirikisho litayafunga kabisa. North Carolina, kwa mfano, inataka angalau 51% ya utafiti ufanyike ndani ya jimbo. Ukishaandika katika andiko lako kwamba vipimo vyote vitafanyika katika maabara ya Ohio, huna tena nafasi ya kurekebisha.

Hapa pia ndipo pa kukumbuka kwamba kazi ya SBIR hufanyika Marekani, isipokuwa pale ambapo idara imetoa idhini ya maandishi kwa sababu maalumu. Mwandishi wa programu aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, hata awe hodari kiasi gani na nafuu kiasi gani, mlipe kwa fedha nyingine.

Angalia vilevile kalenda. Mwaka wa fedha wa Kentucky na wa North Carolina huanza tarehe 1 Julai, na fedha hizi hutegemea kura ya Bunge la jimbo, zikiisha zimeisha. Upande wa shirikisho nao una vipindi vyake: sheria ya 2022 ilifikisha mipango hadi 30 Septemba 2025, kwa hiyo thibitisha kwamba dirisha la idara yako liko wazi kabla ya kuanza kuandika.

Andiko lenyewe la shirikisho sitalieleza. Kila idara ina muundo wake, na NSF, taasisi ya taifa ya sayansi, hutaka kwanza muhtasari mfupi kabla ya kukualika.

Hatua ya nne: tenganisha fedha za jimbo na za shirikisho

Jimbo kwa kawaida halitapima upya sayansi yako, maana wataalamu wa idara ya shirikisho wamekwisha kuipima. Linachotaka kuona ni mpango kazi na bajeti ya fedha zake, na swali lililo nyuma ya kila fomu ni moja: je, fedha hizi zinalipia kitu ambacho tayari kimelipiwa? Kulipisha serikali mbili kwa kazi ileile ni kosa ambalo, chini ya Sheria ya Madai ya Uongo, linaweza kudaiwa fidia mara tatu ya hasara. Na wengi wanaoingia katika kosa hili hawana nia mbaya. Bajeti zao tu hazikutenganishwa.

Makosa ya wazi ni rahisi kuyaona. Ukinunua tanuri ya kukaushia sampuli kwa fedha za shirikisho, huiandiki tena kwa jimbo. Ugumu uko katika mambo matatu.

La kwanza ni mishahara. Mhandisi mmoja anaweza kulipwa na mifuko yote miwili, lakini saa zake zikijumlishwa zisizidi saa alizofanya kazi kweli, na kila saa iwe na kazi yake iliyotajwa. Tuseme shirikisho linalipia 60% ya muda wake kwa kutengeneza kihisi. Basi jimbo lilipie 40% iliyobaki kwa kazi tofauti, kama vile kuzungumza na wakulima na wenye maghala watakaokinunua kifaa, au kuandaa maombi ya hataza. Usiandike "kusaidia utafiti" katika bajeti ya jimbo. Maneno hayo hayaonyeshi mpaka wowote, na mkaguzi atayahesabu kuwa ni kazi ileile.

La pili, ambalo ndilo gumu kuliko yote, ni gharama zisizo za moja kwa moja: pango, umeme, bima, mhasibu. NIH, taasisi za taifa za afya, huruhusu kampuni isiyo na kiwango ilichokubaliana na serikali kudai hadi 40% ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya mambo hayo. Ukishaidai asilimia hiyo, pango lako limekwisha kulipiwa, ingawa neno "pango" halionekani popote katika bajeti ya shirikisho. Mwenye kampuni huitazama bajeti ile, haoni pango, kisha analiweka kwa jimbo kwa moyo mweupe kabisa. Njia ninayoiamini ni kuandika kwanza orodha ya kila gharama ya kuendesha kampuni kwa mwaka, kisha mbele ya kila moja kuandika mfuko mmoja tu unaoilipia. Gharama ambayo fungu la shirikisho haliitoshelezi yote, eleza kwa hesabu ni kiasi gani kimebaki, na ukiweke kiasi hicho tu kwa jimbo, endapo jimbo linaruhusu. Majimbo mengine hayaruhusu gharama za namna hii hata kidogo.

La tatu ni msaada wa biashara. Idara nyingi huruhusu kampuni kuomba hadi dola 6,500 katika Awamu ya Kwanza na hadi 50,000 katika Awamu ya Pili kwa ajili ya washauri wa kiufundi na kibiashara. Ukiliomba fungu hilo, utafiti wa soko uliolipiwa nalo usiurudie kwa jimbo. Mimi hupendelea fungu la shirikisho limlipe mshauri wa nje, na jimbo lilipie safari na mishahara ya kampuni yenyewe kwenda kwa wateja, maana mpaka wa namna hiyo unaonekana hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu nafaka.

Fanya kazi hii katika jedwali moja lenye safu tatu: kazi, mfuko, ushahidi. Kisha fungua akaunti ya benki ya pekee kwa fedha za jimbo. Wahasibu wengine watakwambia kwamba misimbo ndani ya programu ya hesabu inatosha, na kisheria huenda inatosha, lakini katika kampuni ya watu watatu ambamo mwanzilishi ndiye anayelipa kila ankara, akaunti mbili huzuia mchanganyiko ambao misimbo huugundua baadaye. Jedwali la saa za kazi lijazwe kila siku na mwenye kazi mwenyewe.

Hatua ya tano: kuwasilisha

Barua ya tuzo ya shirikisho ikifika, wasilisha maombi ya jimbo bila kuchelewa. Ambatanisha barua hiyo, andiko zima, jedwali lako, fomu ya W-9 yenye namba yako ya mlipakodi, na cheti cha jimbo kwamba kampuni iko hai na haina deni la kodi. Siku hiyohiyo mwandikie afisa wa idara ya shirikisho kumjulisha kuhusu nyongeza unayoiomba. Idara hutaka kujua fedha nyingine zinazougusa mradi, na ni bora alisikie kutoka kwako.

Hatua ya sita: malipo na ripoti

Usipange kutumia fedha zote mara moja. North Carolina, kwa nyongeza ya Awamu ya Kwanza, sheria yake imeweka kwamba robo tatu hutolewa mwanzoni, na robo iliyobaki baada ya ripoti ya Awamu ya Kwanza kukubaliwa na idara ya shirikisho na maombi ya Awamu ya Pili kuwasilishwa. Majimbo mengine hulipa baada ya wewe kutumia, kwa kurejesha, jambo linaloitaka kampuni iwe na akiba ya kutosha mishahara ya miezi kadhaa. Ruzuku hii kwa kawaida huhesabiwa kuwa mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo mwone mhasibu kabla ya Desemba. Stakabadhi zipangwe kwa mfuko, kisha kwa mwezi, na nakala ya kila moja itumwe kwa mhasibu mwezi huohuo ilipotolewa.