Jinsi ya Kuandaa Ushirikiano wa Kimataifa wa Mafunzo ya Usimamizi wa Miji: Mwongozo kwa Halmashauri za Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu unamlenga afisa mipango miji, mhandisi au mhadhiri aliyepewa jukumu la kutafuta mshirika wa nje ili watumishi wa halmashauri wapate mafunzo ya kusimamia mji. Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia mwenyewe katika kazi hii huku Mbeya na Iringa.

Hatua ya 1: Andikeni kazi iliyowashinda

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote barua, andaeni ukurasa mmoja unaotaja jambo ambalo watumishi wenu hawalimudu kwa sasa, kata linakotokea na idara zinazohusika. "Kuwajengea uwezo watumishi" ni maneno ya kujazia fomu tu. Kwa Jiji la Mbeya, mfano ulio wazi ni ujenzi kwenye miteremko: Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere, likafukia nyumba na kuharibu shule katika kata ya Itezi, na suala la mifereji, uoto na vibali vya ujenzi huko juu haliwezi kuachiwa idara moja. Manispaa ya Iringa imekaa juu ya mwinuko, na Ipogolo iko chini kando ya Mto Ruaha Mdogo, kwa hiyo huko ningeanza na maji ya mvua yanayoteremkia bondeni.

Hatua ya 2: Tafuteni mshirika anayelijua tatizo lenu

Anzeni na vyuo vya ndani, yaani Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, kwa sababu ndivyo vitakavyobaki na mitaala baada ya fedha za mradi kwisha. Kwa upande wa nje, IHS, taasisi ya masomo ya makazi na maendeleo ya miji iliyoko Rotterdam, Uholanzi, na iliyoanzishwa mwaka 1958, ina jina kubwa katika fani hii. Hata hivyo Rotterdam ni mji tambarare, na kwa suala la miteremko mimi ningebisha hodi kwanza Kigali, mji uliojengwa juu ya vilima. Ipo pia njia ya mji kwa mji, kama Mwanza na Tampere ya Finland walioanza mwaka 1988, au Dar es Salaam na Hamburg mwaka 2010. Uzuri wake ni kwamba mhandisi wa mifereji anakaa na mhandisi mwenzake, na maswali yanakuwa ya kazini.

Hatua ya 3: Andaeni hati ya makubaliano

Hapa msiharakishe. Hati nyingi hujaa heshima na kukosa majukumu. Jambo linaloua mafunzo haya kuliko yote ni uhamisho: mtumishi mmoja anapelekwa nje, anarudi na cheti, kisha anahamishiwa wilaya nyingine na ujuzi unaondoka naye. Wekeni kifungu kinachotaka mafunzo yatolewe kwa kikosi cha watu kutoka mipango miji, ujenzi, mazingira na fedha, pamoja na watendaji wa kata husika. Kifungu kingine kieleze kwamba ramani, picha za droni na takwimu zitabaki halmashauri katika mfumo unaofunguka kwenye kompyuta zenu, na kwamba taarifa za wakazi zitatunzwa kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwanasheria wa halmashauri aipitie rasimu hiyo kabla haijamfikia mkurugenzi na Baraza la Madiwani, na TAMISEMI ishirikishwe mapema.

Hatua ya 4: Linganisheni kalenda

Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai, ilhali vyuo vingi vya Ulaya hufungua Septemba. Mchango wenu, hata ukiwa ni mafuta ya gari na posho tu, uingie kwenye bajeti wakati wa maandalizi yake. La sivyo wageni watafika na gari halina mafuta.

Hatua ya 5: Fundisheni uwandani

Darasa la hotelini lisizidi robo ya muda wote. Pangeni ziara kati ya Januari na Machi, mvua ikiwa inanyesha, kwa kuwa mfereji mkavu haufundishi mengi. Chapisheni ramani ya mtaa kwenye karatasi kubwa, mpeni kalamu mwenyekiti wa mtaa, kisha mteremke naye kutoka juu akionesha kalavati lililozibwa na taka, ukuta uliopindisha maji na nyumba iliyojengwa juu ya njia ya maji. Mgeni apewe mkalimani. Mazungumzo yaendeshwe kwa Kiswahili. Jioni hiyohiyo kikosi kihamishie alama hizo kwenye ramani ya kompyuta, na hapo ndipo mtaalamu wa nje anapokuwa na jambo la kufundisha.

Hatua ya 6: Pimeni matokeo

Baada ya miezi sita, fungueni jalada la vibali vya ujenzi vya kata ile mkague kama ramani imetumika katika maamuzi. Kama haikutumika, zungumzeni na mkuu wa idara kabla ya kuomba awamu ya pili.