Somo: Kumjenga mhusika na mgogoro katika utenzi wa maisha ya kijijini

Tenzi za kijijini mnazoleta karibu zote zina ugonjwa mmoja. Jogoo anawika, kina mama wanatwanga, mvua inanyesha kwa adabu, halafu anatokea tajiri wa mjini mwenye kitambi anayetaka kupora shamba. Mwisho tajiri anaaibika na kijiji kinacheza ngoma. Mizani, yaani hesabu ya silabi, imetimia, vina havina kasoro, lakini msomaji alishaujua mwisho tangu ubeti wa tatu.

Leo tutafuata kisa kimoja nilichokitunga kwa ajili ya somo. Mzee Kibwana alizaliwa kwenye shamba la minazi upande wa Mkuranga. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, serikali ilipowakusanya watu kwenye vijiji vya pamoja, ikawahamisha, shamba likageuka mahame. Yeye akaja Dar es Salaam, akapiga kazi bandarini mpaka akastaafu. Sasa amerudi na kumkuta Bi Tatu, mjane, amelima hapo miaka mingi na katikati ya minazi amepanda mikorosho.

Hatua ya kwanza: tafuta haki mbili

Mgogoro wa mwema na mwovu unakwisha haraka kwa sababu hakuna cha kuamua. Mgogoro wa haki na haki unamkaba msomaji. Kibwana hakuuza shamba wala hakulitelekeza, aliondolewa. Bi Tatu hakumwibia mtu, alikuta vichaka. Tena kwetu Pwani mti una mwenyewe hata kama ardhi ina mwingine, kwa hiyo kila mmoja anaweza kunyoosha kidole na kusema "ule wangu" bila kudanganya. Minazi inamshuhudia huyu, mikorosho inamshuhudia yule, na mizizi yote imo kwenye udongo uleule.

Kipimo changu ni hiki: chukua daftari, mtetee mhusika usiyempenda kwa nathari, nusu ukurasa tu. Ukikwama, bado humjui. Usianze kutunga.

Hatua ya pili: kila mmoja atake kitu cha kushikika

"Anataka haki" haitoshi. "Anataka amani" ndiyo mbaya zaidi. Kibwana anataka azikwe ubavuni mwa baba yake, na kaburi la baba limo humo shambani. Bi Tatu anataka mikorosho iwe ya binti zake, maana shamba la marehemu mumewe lilichukuliwa na shemeji zake, na hii ndiyo mali pekee ambayo hakuna wa kumwambia ni ya ukoo wake.

Sasa mmeona? Mmoja anapigania kaburi, mwingine urithi. Wala hawagombanii kitu kimoja, ila wao wenyewe hawajalijua hilo, na hapo ndipo utenzi wako utakapoishi.

Hatua ya tatu: kitendo, si sifa

Hapa ndipo pagumu, nami nitakaa kidogo. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mshororo mizani nane. Ubeti mzima ni mizani thelathini na mbili, na ukiijaza sifa, umekwisha. Tazameni huu:

Kibwana ni mtu mwema
Mpole mwenye huruma
Wote wanamtazama
Kwa heshima kijijini

Hesabuni, imetimia. Vina vya -ma vimekaa, na kina cha bahari, yaani kile kinachofunga kila ubeti, -ni, kiko mahali pake. Ila mtu hayumo. Mwondoe Kibwana, mweke Shabani au Juma, ubeti hautatikisika. Sasa huu:

Asubuhi kaamka
Na panga akalishika
Minazi kaizunguka
Akihesabu moyoni

Hakuna sifa hata moja, lakini tunaona mzee asiyeamini macho yake, anayehesabu mali kimyakimya ili asionekane anahesabu. Na lile panga! Ni la kufyekea au la kutishia? Mimi mtunzi najua. Msomaji asijue kwanza.

Fanyeni hivi: andikeni vitendo vitano ambavyo mhusika wako angevifanya akiwa peke yake, kisha mchague kile ambacho jirani yake asingekifanya. Kuchota maji, kulima na kusali hufanywa na kila mtu, havitambulishi mtu.

Hatua ya nne: waache wagombane wenyewe

Msimulizi wa utenzi ana tabia ya kuingilia. Mfungeni mdomo. Halafu kuna suala la hesabu: neno "akasema" lina mizani minne, yaani nusu ya mshororo imekwenda bure. Mpeni kila msemaji ubeti wake mzima, na maneno yenyewe yaonyeshe ni nani anayenena. Bi Tatu:

Nimelima kwa miaka
Hapa pakiwa vichaka
Mikorosho nikaweka
Wewe ukiwa mjini

Na Kibwana:

Baba amezikwa hapa
Si mimi niliyetupa
Serikali ilitupa
Lori la kwenda bondeni

Angalieni kimalizio cha kila ubeti. Bi Tatu anapiga kwa neno "mjini", Kibwana anajibu kwa lori. Historia nzima ya kuhamishwa imo ndani ya lori hilo, wala hakuna aliyetuhutubia.

Hatua ya tano: kigeuzio kitoke kwa mhusika

Msilete mvua ya ghafla, nyoka, wala mkuu wa wilaya kuja kuamua. Kesi ikifika baraza la ardhi la kijiji, sawa, lipo kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inalitaka liwe na wajumbe saba, wakiwamo wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Ni jukwaa zuri la beti kadhaa, hasa wajumbe wanapokuwa shangazi wa huyu na shemeji wa yule. Lakini wajumbe wasiumalize utenzi kwa niaba yako. Mimi ningemtoa Kibwana barazani akiwa na hasira, nimpeleke kaburini:

Kaenda kwenye kaburi
Moyo ukisema shari
Limefyekwa kwa uzuri
Hata jani halioni

Nani aliyelifyeka miaka yote hiyo? Bi Tatu, na barazani hakulitaja. Tabia yake tumeijua kwa kazi ya jembe aliyoifanya bila shahidi, na dai la Kibwana limegeuka bila mtu kumshinda.

Maswali ya wanachama

*Binti wa Tandika:* Shikamoo mwalimu. Nimezaliwa mjini, kijijini naendaga msibani tu. Nikiandika si nitadanganya?

Marahaba, mwanangu. Msibani ni shule tosha, ukoo wote hukutana pale na magomvi ya mirathi huanzia kwenye majamvi. Kingine, kaa na wanaoshuka na mizigo Mbagala Rangi Tatu, uwaulize mambo madogo: mkwezi analipwaje, nazi zinaanguliwa lini, nani anaokota korosho na nani anashika hela. Ukiuliza "maisha ya kijijini yakoje" utajibiwa "tunamshukuru Mungu".

*Kijana wa Ubungo:* Lazima vina na mizani? Mimi naandika mashairi huru.

Si lazima. Ubishi huo ulipamba moto miaka ya 1970, mshairi Kezilahabi na wenzake wakaandika huru na Kiswahili hakikufa. Hatua zote tano zinakufaa. Ila wewe huna mizani ya kukubana, kwa hiyo sifa zitakujia kwa wingi zaidi. Zifyeke mwenyewe.

*Mkulima wa zamani:* Mwalimu, haki mbili sawa, lakini kuna waovu kweli. Wanunuzi wa kangomba, wale wa magendo wanaopima korosho kwa bakuli, wanamfuata mkulima kabla ya msimu akiwa na njaa, wanachukua korosho kwa bei ya kutupa. Hao nao niwatetee?

Umenishika pazuri, kaka. Simwambii mtu auoshe wizi. Lakini kangomba hanunui peke yake, yupo anayemuuzia. Mtoto anaumwa, malipo ya chama cha msingi cha ushirika yatakuja baadaye, na mwenye bakuli la kupimia yuko mlangoni na fedha taslimu usiku huu. Mara nyingi huyo ni mtoto wa palepale kijijini, tena ni binamu. Hapo mgogoro umo ndani ya muuzaji mwenyewe: amfukuze au amkaribishe? Tunga kuanzia mlangoni. Uovu wa mnunuzi utajionyesha pasipo wewe kumwita fisi.

*Msomaji wa Kigamboni:* Kwa hiyo adui bora ni ndugu?

Mara nyingi. Kumbuka kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili. Mfalme wa Pate alishindwa kumwua kwa hila nyingine zote, akamrubuni mwanawe wa kumzaa, kwa ahadi ya cheo na mke, amchome sindano ya shaba kitovuni. Jeshi lisingetuuma kiasi hicho.

*Binti wa Tandika:* Samahani, narudi tena. Nataka kutunga juu ya mkulima na mfugaji kule Rufiji. Babu yangu ni mkulima na ng'ombe walimmalizia mpunga. Nitamteteaje mfugaji?

Pole kwa babu. Anza kwa kuuliza yule mfugaji ametoka wapi. Wengi waliofika Rufiji na Lindi na ng'ombe wao walikuja baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007. Naye ana lori lake, kama Kibwana. Kisha mpe ndama mmoja mwenye kiu, na mto uko ng'ambo ya mpunga wa babu. Usimpe hotuba, mpe fimbo mkononi na jua la saa saba.

*Kijana wa Ubungo:* Wahusika wangapi wanatosha?

Wawili na shahidi mmoja. Wa nne akija, mwulize anataka nini. Asipojibu, mrudishe.

*Mkulima wa zamani:* Hujatuambia shamba alipewa nani.

Kweli, sijasema. Kibwana amesimama kaburini, Bi Tatu bado yuko barazani na binti zake, na panga sijawaambia liko wapi. Kila mmoja atunge beti sita za kuumalizia, bahari ibaki -ni, na baraza lisitoe hukumu. Zileteni kabla ya Jumamosi.