Majike hawashiki mimba? Mkague dume wa sungura hivi kabla hujamchinja

Masika yaliyopita kijana mmoja wa Mlandizi alinipigia simu saa tatu usiku. "Shikamoo kaka. Hivi madume wangu wamelogwa?" Ana majike 18 na madume wawili. Mwezi wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Mwezi wa tatu na wa nne akapandisha majike tisa, wakazaa wawili tu, na vitoto vyenyewe vya kuhesabu kwa mkono mmoja. Alishabadilisha chakula, alishanunua vitamini za kuku, na kisu alishanoa.

Nilimwomba kisu akirudishe jikoni kwanza. Yafuatayo ndiyo niliyomfanyisha, kwa mpangilio uleule. Nafuga sungura aina ya New Zealand White na California huku Pwani kwenye joto. Wenzetu wa baridi ya Lushoto na Njombe mkifika hatua ya 4 mnaruhusiwa kutucheka.

Hatua ya 1: Hakikisha mkosaji ni dume

Chukua majike wanne waliowahi kuzaa vizuri. Wawili wapandishe kwa dume unayemshuku, wawili kwa dume mwingine, hata wa kuazima kwa jirani. Siku ya 12 hadi 14 wapapase tumbo. Wa huyu wakitoka watupu na wa yule wameshika, umeshampata.

Jike apelekwe kwenye kizimba cha dume, siyo kinyume chake. Mtazame kwanza sehemu za siri: zikiwa nyekundu yuko tayari, zikiwa nyeupe nyeupe mrudishe, jaribu siku nyingine. Halafu simama hapohapo uone kwa macho yako. Dume aliyemaliza kazi huanguka ubavu, mara nyingi na kasauti. "Niliwaacha pamoja usiku kucha" si kumbukumbu ya kupandisha, hiyo ni dua. Na kwa kuwa jike wa sungura hutoa mayai kama saa 10 hadi 12 baada ya kupandwa, mimi huwapandisha asubuhi na kurudia jioni ileile.

Hatua ya 2: Mgeuze chali

Korodani ziwe mbili, zinalingana, zimejaa. Sungura akiogopa huzivuta ndani, kwa hiyo mpe muda atulie kabla hujasema hana. Ambaye moja haijashuka kabisa na ameshapita miezi mitano, huyo ni wa mchuzi, maana kasoro hiyo unaweza kuirithisha bandani.

Tafuta pia vidonda na magamba kwenye uume, puani na mdomoni. Hiyo ni kaswende ya sungura (haimwambukizi binadamu, usihofu) na huenea kwa kupandana. Tiba yake ni penisilini ya sindano kutoka kwa daktari wa mifugo. Ya kumeza usimpe kamwe, huharibu tumbo la sungura na kumuua. Mwisho angalia nyayo za nyuma. Dume mwenye vidonda vya miguu hapandi, na hapo mbegu zake hazina kosa lolote.

Hatua ya 3: Umri na kazi

New Zealand na California waanze na miezi sita, wakubwa kama Flemish Giant wasubiri zaidi. Dume mmoja atosha majike wanane hadi kumi. Siku mbili au tatu za kazi kwa wiki zinatosha. Akivuka miaka mitatu anza kumtafutia mrithi.

Hatua ya 4: Hesabu siku kurudi nyuma

Hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima na madume wawili wazuri, kwa hiyo nivumilie nitachonga sana.

Mbegu anayotoa dume leo hakuitengeneza leo. Kutengenezwa kwake ndani ya korodani huchukua zaidi ya siku 40, kisha kuna siku kama 10 za kupita na kukomaa kwenye mirija kabla haijawa tayari. Jumla ni karibu wiki nane. Kwa hiyo dume unayemwona leo anapanda vizuri, anakula vizuri, manyoya yanang'aa, anaweza kuwa anatoa mbegu zilizoungua mwezi uliopita.

Ziliungua na nini? Joto. Sungura hatoi jasho la maana. Hujipoza kwa masikio na kwa kuhema. Anapendelea nyuzi 15 hadi 25. Zikipita 27 anaanza kutaabika, na zikikaa juu ya 30 siku kadhaa mfululizo, mbegu hupungua, zinazobaki hukimbia kivivu, na nyingi huwa na vichwa au mikia yenye kasoro. Hamu ya kupanda nayo inaweza kushuka, lakini si lazima, na huo ndio mtego wenyewe.

Sasa weka hayo kwenye kalenda ya huku kwetu. Januari na Februari bandani ni tanuri. Madume wanapanda, baadhi ya majike wanashika kwa mbegu zilizotangulia, unaona poa. Machi mbegu zilizoharibika ndiyo zinatoka. Aprili mvua inanyesha, banda limepoa, wewe umevaa sweta, na majike hawashiki! Nani atalifikiria joto wakati huo? Mimi sikulifikiria. Nililaumu mvua, nikalaumu majani mabichi, nikalaumu chakula cha duka. Nikachinja madume wawili, nikanunua wawili wapya kutoka sehemu za baridi, Juni majike wakashika, nikajipongeza. Kumbe hata wale wa zamani wangekuwa wameshapona.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari, andika tarehe ya siku ya mwisho ya joto kali bandani. Ongeza siku 60. Kabla ya tarehe hiyo usimhukumu dume. Kwa yule kijana, joto lake la mwisho lilikuwa katikati ya Machi, hukumu ikasogea hadi katikati ya Mei.

Angalizo. Homa hufanya kazi ileile ya joto, hivyo dume aliyeugua mafua makali au jipu naye mhesabie siku 60 tangu apone. Dume aliyetoka safari ndefu ndani ya boksi juu ya bodaboda saa saba mchana, vilevile. Halafu joto humchosha jike pia na mimba changa huweza kufia humohumo, ndiyo maana hatua ya 1 haina maana yoyote ukiifanya Februari. Na kipimajoto kining'inize usawa wa kizimba cha dume, siyo kwenye nguzo ya mlangoni. Kwangu vizimba vya juu, karibu na bati, hupita vya chini kwa nyuzi kadhaa mchana. Nadhani unajua madume wangu nilikuwa nimewaweka wapi.

Hatua ya 5: Mpoze dume

Washushe madume vizimba vya chini, upande ambao jua la mchana halifiki. Juu ya bati tandika makuti. Mimi ni mtu wa makuti na sitabadilika. Nimejaribu rangi nyeupe, nimejaribu dari la viroba, makuti yanashinda. Kuta zibaki waya ili upepo wa bahari upite. Mchana mkali mpe chupa ya maji iliyogandishwa ailalie ubavu, na maji ya kunywa yasikatike. Kumwagia maji sungura mzima usithubutu. Feni ni nzuri kama umeme wako ni wa kuaminika.

Hatua ya 6: Chakula

Kama unachanganya mwenyewe, ondoa mashudu ya pamba kwenye chakula cha madume. Yana sumu iitwayo gosipoli, inayojulikana kwa kuharibu utengenezaji wa mbegu za kiume. Tumia ya alizeti. Lukina (ule mti wa malisho) mpe kidogo sana au acha. Pumba yenye harufu ya ukungu tupa, usiseme "nitawapa madume tu, hawanyonyeshi". Majani mabichi kila siku yatampa vitamini A, na dume asinenepe: ukipapasa mgongo uusikie uti kidogo. Vitamini za kuku za yule kijana hazikumdhuru mtu, ila hela ilikwenda.

Hatua ya 7: Hadubini, kama unayo

Wengi ruka. Kama una uke bandia (kifaa cha kukingia shahawa za dume) na hadubini ya kuazima shuleni, shahawa nzuri ni nyeupe kama maziwa mazito, kwa kawaida chini ya mililita moja. Ikiwa ya njano imeingia mkojo, ikiwa nyekundu imeingia damu, hiyo usiitathmini. Nzuri chini ya lenzi huchemka kama sufuria ya uji.

Lakini pasha kioo chako kwanza kifikie joto la mwili. Mbegu ikitua kwenye kioo baridi, au kilichooshwa kwa sabuni kisisuuzwe vizuri, hulala kimya na wewe utaandika "dume mfu" wakati aliyekosea ni wewe. Niliwahi kukaa nusu siku nikipima madume wanne, wote "wafu". Siku ya pili nikapasha vioo juu ya chupa ya maji ya moto, wote wanne wakafufuka. Tangu hapo naiamini zaidi daftari ya kupandisha kuliko hadubini.

Hatua ya 8: Mrudishe kazini

Dume aliyepumzishwa muda mrefu, mpando wake wa kwanza hutoa mbegu nyingi zilizozeeka. Mpe jike mmoja apande, kisha baada ya siku mbili mpe yule unayemtegemea. Wiki ya kwanza majike wawili watatu tu, waliowahi kuzaa. Siku ya 12 papasa, andika.

Kijana wa Mlandizi aliwarudisha wake tarehe 18 Mei kwa majike wanne. Watatu walishika. Wa nne alikuwa mnene kupita kiasi, lakini huyo ni shauri jingine. Siku 31 baadaye alinitumia picha ya kisanduku cha kuzalia chenye vitoto vinane, na chini yake ameandika: "Kaka, makuti ya kuezekea banda zima yanahitajika mangapi?"